Sababu ya Ihirwe Kusoma Sheria

Nyamirambo, Kigali
16 Novemba 2023

Mpendwa kaka Frederick,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi Connie na watoto, na kwamba lile goti halikusumbui tena kama wakati wa masika. Wifi aliniambia sasa unapiga magoti kanisani bila kushika benchi, nikamshukuru Mungu. Mimi sijambo, ila macho yanachoka ikifika alasiri kwa kuikodolea kompyuta, na mgongo ni ule ule unaoujua. Mvua za vuli zimekuja na nguvu. Mteremko wa kwetu umekuwa utelezi mtupu, watu wa pikipiki hawataki tena kunifikisha mlangoni, wananishusha msikitini nimalizie kwa miguu.

Barua hii ataileta Usumani, jirani yangu anayekuja Mwanza kila mwezi kununua dagaa. Utajiuliza kwa nini nimeshika kalamu wakati simu ipo. Simu yako inashikwa na watoto, na maneno ya simu hutawanywa kabla hayajapoa. Haya nataka uyasome peke yako, ukae nayo, ndipo unijibu.

Umeniuliza mara tatu kwa nini nilinyamaza kwenye kundi la ukoo siku ile kila mtu alipokuwa akimpongeza binti yako Ihirwe. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimechefuka. Nimetafuta neno lingine sikulipata. Ingekuwa hasira ningefoka ikaisha. Hii ni kama kula kitu kilichooza, ukakitema, ukasukutua, na ladha bado iko mdomoni.

Kazi yangu unaijua, duka la kuchapa na kutoa kopi. Kila mwaka kabla vyuo havijafunguliwa vijana hunijaa dukani na barua za kuomba nafasi. Chuo kinawauliza: kwa nini umechagua somo hili? Wa uhandisi wanaandika mistari mitano. Wa sheria wanaandika kurasa tatu, na zote zina machozi. Kila mmoja ameichukia dhuluma tangu utotoni. Kila mmoja ana bibi mjane. Nikishamaliza kuchapa, wanasubiri kopi wakizungumza wao kwa wao, wakisahau kwamba mama mchapaji naye ana masikio, na hapo ndipo sababu zenyewe hutoka. Mmoja alisema anataka askari wa barabarani wampigie saluti. Mwingine, baba yake ana viwanja vingi, ameambiwa kwamba mwanasheria nyumbani ni kama mbwa mkali langoni, hata asipobweka watu hupita mbali. Msichana mmoja alisema waziwazi anapenda joho, na kwamba nyeusi inampendeza. Huyo nilimpenda kidogo. Mwaka jana walikuja wawili na barua zinazofanana neno kwa neno, wamebadilisha jina la bibi tu. Nikazichapa zote mbili, nikapokea changu, nikafunga mdomo. Kwa hiyo usidhani ninajitoa. Na mimi nimo.

Ila Ihirwe nilimtenga na hao. Miaka miwili amelala kwangu, kitanda cha karibu na dirisha. Alikuwa ananisaidia kupiga pasi, anaosha vyombo akiimba, anasoma hadi ninamwonea huruma. Alipoingia mwaka wa pili nilianza kuwaambia wateja kwamba nina wakili nyumbani. Nilikuwa nalisema hilo kwa sauti, ili wasikie na walio nje.

Sasa nikukumbushe habari za shangazi Épiphanie, maana uko mbali naye. Unajua kwamba yeye alikulia Burundi na sisi Karagwe, kwa hiyo hatukumzoea kama inavyostahili dada wa baba. Anaishi Gisozi, kwenye nyumba aliyojenga na marehemu mumewe, mzee Ntakirutimana, yule seremala. Hawakujaliwa watoto. Jicho lake moja limefunikwa na mtoto wa jicho, na la pili linamsaidia mchana tu.

Mwezi wa sita, Jean-Paul, mtoto wa ndugu yake mzee Ntakirutimana, anayetengeneza makochi pale kwenye soko la mafundi la Agakiriro, alianza kujenga stoo ya mbao kwenye kiwanja cha shangazi, upande wa mbele. Alidai kwamba baba yake mkubwa alimpa sehemu ile kabla ya kufa. Ukuta ukapita hatua mbili kutoka mlangoni. Shangazi akitaka kutoka alilazimika kuzunguka upande wa mfereji wa maji ya mvua, akipapasa matofali, mwanamke wa miaka sabini na nne.

Alipeleka malalamiko kwa abunzi, wale wapatanishi wanaochaguliwa na majirani. Wakampangia siku. Jumapili moja kabla ya siku hiyo alikuja kula kwangu, akatueleza yote tangu mwanzo. Ihirwe alitoa daftari akaandika. Alimuuliza maswali mazuri sana, kaka, mpaka nikatulia kumsikiliza. Alitaka kujua tofali la kwanza liliwekwa siku gani, mvua ilinyesha lini, mfereji una kina gani. Alimuuliza hata anashika ukuta kwa mkono upi anapopita. Shangazi akajibu kwamba ni wa kushoto, kwa kuwa wa kulia unabeba ndoo. Ihirwe akaandika na hilo.

Shangazi aliondoka akiwa mwepesi. Alinishika mkono pale kituoni akaniambia kwamba kwa mara ya kwanza tangu afiwe amepata mtoto wa kumsemea. Walikuwa wameahidiana Ihirwe aje Jumatano saa tatu, akae pembeni yake, amsomee karatasi. Si kazi ya wakili hiyo. Kusoma tu.

Jumatano Ihirwe hakwenda. Shangazi alikaa kwenye benchi akigeuza kichwa kila viatu vilipopita. Jean-Paul alikuja na mashahidi wawili. Wapatanishi walipomwomba shangazi hati ya kiwanja, alitoa bahasha kwenye mkoba, na ndani yake zilikuwa karatasi za hospitali za marehemu. Bahasha mbili za rangi moja, na macho ndiyo hayo. Watu wakacheka kidogo. Shauri likaahirishwa wiki tatu. Katika wiki hizo tatu Jean-Paul akamalizia ukuta, akaezeka, akaweka na kufuli.

Ihirwe aliniambia kwamba siku ile alikuwa na mazoezi ya mashindano, na simu ilikuwa imezimika. Ofisi moja kubwa ya mawakili hapa mjini ilikuwa inatafuta mwanafunzi mmoja wa kumsomesha mpaka amalize na kumpokea kazini. Kila mshindani alitakiwa kusimama mbele ya watu na kueleza kilichomfanya achague sheria. Nilimwambia angalau angepiga simu kwa mtu. Akaomba radhi, tukalala.

Alipoingia kwenye watano wa mwisho nilialikwa, na nikampigia shangazi twende pamoja. Ihirwe sikumwambia, nilitaka afurahi akimwona. Shangazi alivaa umushanana wa zambarau ambao ameuweka kwa ajili ya harusi, akajipaka mafuta, akanunua na mtandio. Tulipanda pikipiki mbili hadi Nyarutarama, kwenye hoteli inayotazama uwanja wa gofu. Mlinzi alituuliza mara mbili tunamtafuta nani. Tukapata viti vya nyuma.

Ihirwe alikuwa wa nne. Hotuba ilikuwa kwa Kiingereza. Kiingereza changu ni cha kuchapa, lakini kwa yale kilitosha. Shangazi ana Kirundi chake, Kifaransa na Kiswahili, Kiingereza hana hata neno.

Alianza polepole, kwa sauti ya chini, watu wakaacha kugusa vikombe. Alisema alikuwa na bibi. Bibi huyo alifungiwa nje ya maisha yake na ukuta wa ndugu. Yeye Ihirwe, akiwa na miaka kumi na mitano, alimshika mkono akampeleka ofisi hadi ofisi, na kila mlango ukafungwa usoni mwao kwa sababu hakuna aliyejua sheria. Asubuhi moja ya mvua walimkuta bibi ameanguka mferejini, mkono wa kushoto ungali umeegemea ukuta. Alikaa siku tatu akafa. Neno lake la mwisho lilikuwa Ihirwe asome sheria. Kisha mtoto wako akainua uso akasema kwamba jina la bibi huyo ni Épiphanie, na kwamba kila anapofungua kitabu anamfungulia yeye.

Kaka, shangazi aliposikia jina lake alinigusa kiwiko.

"Ananitaja," alisema. Alikuwa anatabasamu.

Mshereheshaji akapanda jukwaani akifuta macho, akaomba ukumbi usimame dakika moja kwa heshima ya marehemu. Ukumbi mzima ukasimama, mawakili, wazazi, wahudumu na sinia zao. Shangazi naye akajikongoja kwa kushika bega langu, akasimama, akainamisha kichwa. Katika nchi hii mtu hafundishwi jinsi ya kusimama kwa ajili ya wafu. Nilisimama pembeni yake nikisikia anavyopumua. Nilifikiri nitatapika juu ya zulia lao.

Tulipoketi akaniuliza kwa kunong'ona, "Tumesimama kwa ajili ya nani?"

Nikamjibu kwamba ni mzee mmoja wa zamani.

"Mungu amlaze pema," akasema, akapiga ishara ya msalaba, na Ihirwe alipotangazwa mshindi akapiga makofi kuliko mtu yeyote.

Uongo ule wangu sijausamehe. Ningeweza kusimama tena pale pale na kusema huyu hapa. Sikuweza. Niliona aibu ya familia kabla ya kuona haki ya mama yule, na hilo lazima nalo uliweke kwenye mizani utakaponihukumu.

Baadaye Ihirwe alishuka na maua, akapita katikati ya watu wakimkumbatia, mpaka akafika kwetu. Alipomwona shangazi rangi ilimtoka. Shangazi alimkumbatia na maua yake. Ihirwe alikuwa anatazama juu ya bega lake nani anaangalia. Kisha akamwingiza mkono kwapani, akatuongoza haraka kuelekea mlango wa pembeni, akisema kule ndani hewa ni nzito.

Hatukufika mlangoni. Mwanasheria mmoja aitwaye Mutoni, mmoja wa waliotoa alama, alitukuta kwenye korido, akampongeza Ihirwe, akauliza kwa heshima mama huyu ni nani. Na mtoto wako akajibu kwamba ni jirani yetu. Aliyasema kwa Kinyarwanda, kaka, lugha ambayo shangazi, kwa Kirundi chake, anaielewa yote. Shangazi alimtazama. Akarekebisha mtandio.

Nilimfikisha Gisozi, nikamshika mkono kupita kwenye mfereji, na nikaona kwa macho yangu mkono wa kushoto ulivyoupapasa ukuta.

Nyumbani nilimngoja Ihirwe. Sikupiga kelele. Nilimuuliza tu kwa nini alimuua. Mwanzoni alisema ni mtindo wa hotuba, kwamba kila mshindani ameongeza chumvi, kwamba yule kijana wa pili hakuwahi kuishi kwenye kituo cha yatima, baba yake ana duka la dawa. Nikamwambia wa pili si mtoto wetu. Nikamuuliza tena. Alikuwa anang'oa majani kwenye maua yake moja moja, na alipojibu hakuinua kichwa.

"Ningesema bibi yuko hai, shangazi, wangeniuliza nimemsaidia nini."

Ndipo akasema la pili, na hili ndilo limenifanya nikuandikie.

"Baba alinituma nisome sheria ili mtu asinidhulumu. Hakuwahi kuniambia nisome nimtetee mtu."

Jumatatu nilifunga duka nikaenda ofisini kwa yule Mutoni. Nilidhani nikimweleza ataruka. Alinisikiliza vizuri, akaniagizia chai, akaniuliza kama shangazi ana mpango wa kulalamika popote. Nikasema hapana. Akavuta pumzi. Akaniambia, "Mama, wote wanaandika hivyo. Sisi tunatafuta anayeweza kuufanya ukumbi umwamini." Kisha akaongeza kwamba binti yule ana kipaji, atafika mbali, nisimvunje moyo. Alinisindikiza hadi kwenye ngazi. Mwanamke mpole, mikono yake inanukia vizuri. Nilishuka nikiufuta mkono wangu kwenye sketi.

Hapo nikaelewa zile barua ninazochapa kila mwaka. Nilizoea kuwacheka wale vijana, kumbe wanaandika kinachotakiwa. Wameulizwa sababu na watu wasiotaka sababu. Anayesema baba alinichagulia, au napenda joho, anaachwa. Anayeleta maiti ya bibi anapewa kiti. Halafu tunashangaa wakikua.

Siku ya shauri la shangazi ilipofika nilikwenda naye. Nilikuwa nimezipanga karatasi zake usiku uliotangulia, nimeandika kwa herufi kubwa juu ya kila bahasha. Wapatanishi ni watu watano, fundi cherehani, mwalimu mstaafu, mama wa sokoni na wengine wawili. Nilisoma hati: kiwanja chote kina majina mawili, la Ntakirutimana na la Épiphanie, hakuna la tatu. Jean-Paul alitoa karatasi yake ya kupewa. Yule mwalimu mstaafu aliitazama tarehe, akamuuliza baba yake mkubwa alitia saini akiwa wapi, maana kwa karatasi za hospitali alikuwa amelazwa na hajitambui. Zile zile karatasi za hospitali walizozicheka mara ya kwanza. Jean-Paul akasema labda tarehe ilikosewa. Mashahidi wake wakaanza kutazama viatu.

Waliamua abomoe upande wa mlangoni ndani ya siku thelathini, mbele ya mkuu wa mudugudu, yaani mtaa. Alitishia kwenda mahakamani, lakini nadhani karatasi ile ilimtia hofu, kwa sababu siku ya ishirini alileta vijana wake wa karakana wakaubomoa. Shangazi sasa anatoka mlangoni mwake akiwa amenyooka. Kwa shauri zima alihitaji mtu mmoja anayejua kusoma, kwa saa mbili.

Siku hiyo ya uamuzi, tukiwa tumekaa kwake tunakunywa uji, nilimwambia ukweli wa hotuba. Sikuweza kuendelea kubeba. Nilimweleza mfereji, siku tatu, na dakika ile tuliyosimama. Aliweka kikombe chini.

"Kwa hiyo nilijisimamia mwenyewe," alisema.

Nikadhani atalia. Aliuliza kwenye hotuba alikufa kwa ugonjwa gani, nikamwambia kwa kuanguka na uchungu. Akasema kuhusu kifo hana neno, wazee huuawa midomoni mwa watu kila siku. Lililomkaa ni la koridoni. Aliitwa jirani akiwa amesikia. Nilimwambia nitachapa barua kwa wale mawakili, aweke saini yake, waone kwamba yuko hai. Akakataa kabisa. Alisema nisimharibie mtoto masomo. Anachotaka ni Ihirwe aje amsalimie, apite mlango wa mbele, akae, ale. Asilete maua.

Nilimfikishia Ihirwe maneno hayo usiku ule. Aliahidi Jumamosi. Jumamosi alikuwa na kikao na wafadhili. Wiki iliyofuata alihamisha vitu vyake, akaenda kupanga chumba Remera na mwenzake wa darasani. Sikumfukuza, kaka, usije ukaambiwa hivyo. Alisema nyumba yangu imekuwa mahakama. Leo ni wiki ya tano na Gisozi hajakanyaga. Picha yake imebandikwa kwenye ukuta wa ile ofisi, anasema Usumani aliyepeleka mzigo pale, na chini yake wameandika jina la shangazi na maneno ya kumkumbuka.

Sasa nije kwako. Nimezunguka sana kwa sababu hapa kalamu inakuwa nzito.

Ile video ya hotuba, Ihirwe mwenyewe ndiye aliyeiweka kwenye kundi. Wewe umefundisha Kiingereza miaka ishirini na saba. Uliisikiliza yote, kwa sababu uliandika kwamba mwisho wake umekutoa machozi. Uliandika hongera binti yangu, umetutoa kimasomaso. Watu kumi na tisa wa ukoo wetu waliandika hongera chini yako. Nilishika simu nikingoja, siku nzima, hadi betri ikaisha. Hakuna hata mmoja aliyeuliza shangazi Épiphanie amekufa lini, kazikwa wapi, mbona hatukuambiwa.

Kama uliamini kwamba amekufa, hukuniletea hata pole. Kama ulijua yu hai, ulikubali. Nimegeuza hivi na vile, sioni mlango wa tatu. Ukiuona wewe, niandikie, nitafurahi kukosea.

Nakumbuka ulipodhulumiwa kile kiwanja cha Nyegezi. Ihirwe alikuwa darasa la nne, amekaa sakafuni anachonga penseli. Ulisema mbele yake kwamba safari ijayo watakuta ukoo huu una mwanasheria, na watakanyagwa wao. Nami nilicheka nikasema amina. Tulimpa sababu yake siku ile, wewe na mimi. Kilichobaki alikitafuta mwenyewe, na hicho siwezi kukibeba kwa niaba yake.

Sikuombi umpigie umtukane. Akitukanwa atajitetea, na kujitetea anajua kuliko sisi wote. Ninachoomba ni upande basi uje. Mchukue kwa mkono wako umpeleke Gisozi, uketi naye pale, wewe kwanza uombe radhi akiwa anakutazama. Halafu yeye mwenyewe aende aseme pale ofisini kwamba bibi yake yu hai, liondoke lile jina ukutani. Wakimnyima ufadhili, atasoma kwa shida kama wenzake, na kitanda cha dirishani bado kipo. Shangazi amenikatalia mimi nisiandike, na nitamtii. Hakusema kwamba Ihirwe asiseme.

Ukiniona mkali, vumilia. Nikinyamaza nitakuwa naendelea kusimama kwenye ule ukumbi.

Nisalimie wifi Connie kwa upendo, mwambie vitenge nimevipata na kimoja nimeshakishona. Msalimie Rodney, aendelee na mpira wake, na Pretty mdogo, nasikia ameota jino la mbele. Salamu kwa mama Winifred wa parokiani, somo yangu. Mungu aliyetuvusha mito yote ile akulinde, akulainishie goti na moyo.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, na leo akupendaye kwa shida,

Winifred

Shangazi Épiphanie anakusalimu. Nilimwambia ninakuandikia, akafikiri, akasema nikuulize kama bado unapenda maharage ya kukaangwa na mawese, ya Kirundi, ili ajue apike nini ukija. Anasema mara ya mwisho ulikula sahani mbili. Hiyo ilikuwa miaka kumi na minne iliyopita.